Ardhi, Mwenyeji na Mgeni

Watu wengi wakisikia neno utamaduni, mawazo yao hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula na masimulizi ya kale. Hayo yote ni utamaduni, wala si haki kuyadharau. Lakini utamaduni wa taifa la wakulima haukai katika ngoma peke yake. Hukaa pia katika namna mtu anavyoshika jembe, anavyoelekeza matuta yake mlimani, anavyouacha au kuukata mti ulioota mpakani, na anavyowaeleza watoto wake sababu ya kutenda hivyo. Ngoma huchezwa baada ya mavuno. Pasipo mavuno hakuna ngoma, na pasipo udongo hakuna mavuno. Basi, yeyote anayetaka kuandika habari za utamaduni wa nchi yetu hana budi kuanza chini, penye udongo.

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, hasa walimu na vijana wa shule za sekondari, ni hili: Je, mtu anawiwa nini na ardhi ambayo huenda yeye mwenyewe hataivuna? Si vigumu kueleza kwa nini mkulima apalilie mahindi atakayoyala mwezi wa nne. Tumbo lake ni mwalimu tosha. Vigumu ni kueleza kwa nini apande mti utakaokomaa yeye akiwa kaburini, au achimbe kingamaji ambalo faida yake itamfikia mvuvi asiyemjua, mbali na kijiji chake. Hapo tumbo hunyamaza, na panapotakiwa kusemwa neno, neno hilo ni la maadili. Mafunzo ya kilimo bora na elimu ya mazingira yanayotolewa vijijini hufaulu au hushindwa kwa kadiri yanavyolijibu swali hili, ijapokuwa mara nyingi hayalitaji.

Nimechagua kulitazama swali hilo kutoka Kasulu na Kibondo, katika nchi ya Waha, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma zinazopakana na Burundi. Tangu mwaka 2012 sehemu za wilaya hizo zimekuwa wilaya mpya: Kakonko ilitoka Kibondo na Buhigwe ikatoka Kasulu. Lakini mipaka ya utawala haigawi mvua wala mito. Mvua za huko huanza Oktoba au Novemba na hudumu hata Mei. Watu hulima mahindi, maharage, mihogo na ndizi, na milimani hulima kahawa. Maji yanayoanguka juu ya vilima hivyo hutelemka mabondeni, na sehemu kubwa yake huingia katika Mto Malagarasi, ambao huanzia karibu na mpaka wa Burundi, huzunguka upande wa mashariki na kupita katika mabwawa mapana, kisha hugeuka magharibi na kujimwaga katika Ziwa Tanganyika. Mabwawa hayo ya Malagarasi na Muyovozi, yenye eneo la zaidi ya hekta milioni 3, ndiyo yaliyokuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kwa hiyo mkulima wa Kasulu anapoinua jembe lake juu ya mteremko, anagusa riziki ya watu wengi asiowajua.

Tuone jambo hili linavyotukia. Udongo wa juu, ule mweusi wenye majani yaliyooza, ndio ghala ya chakula cha mimea. Ukifunikwa na majani au mizizi, tone la mvua huupiga kwa upole na maji huzama polepole, yakaenda kulisha chemchemi. Ukiachwa mtupu, kwa sababu miti imekatwa au moto wa kichaa umepita, tone lile lile huupasua na kuutawanya. Maji hukosa pa kuzamia, hutiririka juu ya ardhi, na huondoka na udongo kama mwizi anavyoondoka na mali usiku. Mkulima huamka asubuhi akaliona shamba lake mahali pale pale. Hajui kwamba lililobaki ni umbo tu, na kwamba unene wa kidole ulioondoka ulihitaji miaka mingi kuliko umri wake ili utengenezwe. Hasara hiyo haina kishindo. Mwaka huu maharage hupungua debe moja, mwaka ujao mawili, na mwenye shamba husema kwamba mvua imeharibika.

Dawa za ugonjwa huo zinajulikana. Kuna matuta yanayofuata kontua badala ya kutelemka nayo. Kuna makingamaji yaliyopandwa matete au mabingobingo ukingoni. Kuna samadi na mboji. Kuna kuchanganya mahindi na mikunde, ambayo mizizi yake huirudishia ardhi naitrojeni. Kuna kupanda miti shambani na kuacha misitu kwenye vyanzo vya maji. Katika miaka ya karibuni mabwana shamba na mabibi shamba, vyama vya hiari na miradi mbalimbali, mmojawapo ukiwa mradi wa kilimo endelevu uliogharimiwa na Ubelgiji na kushughulika na maharage na mihogo katika mkoa huo, wamefundisha mengi ya mambo haya. Kwa hiyo ukosefu wa maarifa si kikwazo pekee. Mtu anaweza kuzijua dawa zote hizi, akapewa na cheti, kisha akarudi kulima kama alivyolima jana. Kwa nini?

Jibu la kwanza limo katika historia. Katika enzi ya ukoloni mkoa huu haukuthaminiwa kwa ardhi yake bali kwa mikono ya vijana wake. Waha kwa maelfu walichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba hayo walikuwa na shirika lao maalumu la kuwatafutia vibarua. Mwanamume aliyekuwa na nguvu za kuchimba kingamaji kwao alikuwa akikata mkonge kwa watu. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, watu wengi wa sehemu hizi walikusanywa katika makazi mapya ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Baada ya uhuru, mwaka 1972, ilikuja Operesheni Kigoma, na wananchi waliokuwa wametawanyika vilimani wakahamishiwa katika vijiji. Kusudi lilikuwa jema: shule, zahanati na maji vingewezaje kuwafikia watu waliokaa mmoja mmoja? Shule zilijengwa, na watoto wengi wakajua kusoma kwa sababu hiyo. Lakini haki itendeke katika kusimulia. Waliohama waliacha nyuma migomba iliyokuwa imelishwa kwa majivu na takataka za nyumbani kwa miaka mingi, wakaanza upya katika ardhi wasiyoizoea.

Mtu aliyehamishwa mara moja hutazama nyuma. Aliyehamishwa mara mbili, au aliyesimuliwa na baba na babu yake jinsi walivyohamishwa, hujifunza somo ambalo hakuna bwana shamba aliyekusudia kulifundisha: kwamba anayepanda mti humpandia mtu mwingine. Hupanda mahindi, kwa kuwa mahindi huwahi kuiva kabla ya amri kuja. Ndiyo maana nasema kwamba uharibifu wa ardhi hautokani na ujinga au uvivu peke yake, kama wasemavyo wengi wanaopita na gari. Mara nyingi ni mazao ya wasiwasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyowezesha mwanakijiji kupata hati ya haki miliki ya kimila, ni chombo cha mazingira sawasawa na mche wa mti, kwa sababu humwambia mkulima: kaa, panda, utaachwa uvune. Na humwambia hivyo mwanamke pia, ambaye ndiye mshika jembe mkuu, lakini ambaye mila nyingi zilimfanya mgeni katika shamba la mumewe.

Pingamizi la pili ni la njaa. Mzee anaweza kumwambia bwana shamba: “Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini unanitaka niiache sehemu ya shamba kwa ajili ya majani, nami nina watoto saba. Kesho unayoisema itawakuta hai wakikosa chakula leo?” Hili si swali la kipuuzi, wala halijibiwi kwa hotuba. Kumdai mwenye njaa deni la vizazi vijavyo, huku wewe umeshiba, ni kumtwika mzigo usioubeba. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1994, huko huko Kigoma, pale shirika la Jane Goodall, mtaalamu wa sokwe wa Gombe, lilipoanzisha mradi wa kupanda miti na kutoa elimu katika vijiji vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika. Wananchi walipoulizwa wanahitaji nini, hawakutaja misitu kwanza. Walitaja afya, maji safi, na elimu ya watoto wao. Waliokuja kuokoa msitu iliwapasa waanze na mambo hayo. Walifanya hivyo, na baadaye vijiji vyenyewe vikatenga ardhi ili misitu iote tena.

Hapo pana fundisho la maadili kuliko la kilimo. Wajibu wa mtu kwa ardhi ni wa kweli, lakini haumwangukii kila mtu kwa uzito mmoja. Mwenye nguvu ana wajibu mkubwa kuliko mnyonge, na anayetaka mwenzake atunze kesho hana budi kumsaidia avuke leo. Hata hivyo, njaa haiufuti wajibu wote. Mama yule yule mwenye watoto saba huchagua mbegu bora kutoka katika maharage yake, akaitundika juu ya moshi, na hata watoto wakilia mwezi wa Januari haigusi. Anajua kwamba anayekula mbegu amekula mwaka mzima. Basi mkulima maskini tayari anayo maadili ya kuinyima leo kwa ajili ya kesho. Kazi ya elimu ni kumwonyesha kwamba udongo nao ni mbegu.

Je, kama watu hawakubali, walazimishwe? Wako wanaodhani hivyo hata leo. Na tuwakumbushe yaliyotokea Uluguru. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuihifadhi milima ile, na wananchi wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa mbaya. Lakini udongo wa juu mahali pengi ulikuwa mwembamba, na kuchimba ngazi kuliufukua ule wa chini usio na rutuba. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao, wataalamu hawakuwasikiliza. Mwaka 1955 palizuka ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Hasara iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko ya matuta: kingamaji likawa alama ya kutawaliwa, na katika sehemu nyingi za nchi watu waliupokea uhuru kama ruhusa ya kuyaacha matuta waliyolazimishwa kuyalima. Amri inaweza kuusimamisha mkono kwa msimu mmoja, lakini haiwezi kuufundisha moyo.

Tuweke kando ya habari hiyo habari ya Shinyanga. Nchi ile ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wataalamu waliokuwa na busara ya kuuliza waligundua kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao ya kale iitwayo ngitili: kutenga sehemu ya malisho wakati wa masika isiguswe, ili majani yake yawafae ng'ombe wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imefifia. Ilipohuishwa, na kulindwa na mabaraza ya wananchi wenyewe pamoja na sungusungu, mamia ya maelfu ya hekta yakarudia kuota miti. Kadhalika huko Mbinga, Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa kutumia ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta yenye majani yaliyofukiwa ndani, ambayo hukamata maji na kugeuza magugu kuwa mbolea. Hakuna aliyewapa cheti.

Sisemi kwamba kila la kale ni jema. Kuchoma nyika na kuhama shamba lilipochoka kulifaa wakati watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa na nafasi ya kupumzika, leo hakufai. Ninalosema ni kwamba mwalimu wa ardhi awe kwanza mwanafunzi wa watu. Aende Kasulu akaone jinsi migomba iliyoizunguka nyumba inavyostawi kwa maganda, majivu na majani, huku shamba la mbali likidhoofu, na awaulize wenyeji: “Wazee wangu, mbona shamba la nyumbani halichoki?” Wakimjibu, watakuwa wamejifundisha mboji kwa midomo yao wenyewe, naye hatahitaji kusema mengi.

Sasa tufike kwenye neno gumu zaidi, neno la mgeni. Kibondo na Kasulu zimepokea wageni kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Walikuja kutoka Burundi mwaka 1972, wakaja wengi tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba mwaka 1993, na tena mwaka 2015, kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya. Kutoka Kongo walikuja mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, ambayo imepata kuwa na watu zaidi ya laki moja, yaani mji mkubwa usio na mashamba. Kila jungu katika mji huo lilihitaji kuni. Misitu ya miyombo ya jirani ikapungua, wanawake wakalazimika kwenda mbali na kukutana na hatari njiani, na wenyeji wakanung'unika: wageni wanatumalizia nchi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Nadhani maana yake ni pana zaidi. Siku mbili za kwanza mgeni hulishwa, naye hana deni ila shukrani. Siku ya tatu hupewa jembe, na pamoja nalo hupewa heshima: anaaminiwa udongo, anakuwa mshirika, na tangu hapo ana la kujibu juu ya udongo huo. Anayelishwa mwaka hata mwaka bila jembe hana pa kuupeleka wajibu wake. Kwa miaka mingi wakimbizi wa kambini hawakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilometa 4 wala kulima mashamba nje ya kambi. Sababu za usalama na za ufinyu wa ardhi zilikuwapo, wala sizibezi. Wenyeji nao wana haki zao. Lakini tusishangae kwamba mtu aliyenyimwa jembe akabaki na panga tu.

Wageni wa mwaka 1972 walipewa jembe. Katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo, waligawiwa mashamba, wakafyeka na kulima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na wazao wao walipewa uraia wa Tanzania. Hata hivyo habari yao ina onyo ndani yake. Ulyankulu ilipokea watu wengi kuliko maji na ardhi yake ilivyoweza kuwabeba, na Mishamo ilipoanzishwa mwaka 1978 maelfu yao walihamishiwa huko. Jembe bila maarifa humaliza ardhi upesi kuliko mikono mitupu. Kwa hiyo methali yetu yafaa iendelezwe: siku ya tatu mpe jembe, na umwonyeshe mteremko unavyolimwa. Vitalu vya miche na majiko banifu, vilivyoletwa katika kambi na katika vijiji vya jirani, vilikuwa mwanzo wa kutimiza nusu ya pili. Mwenyeji na mkimbizi waliokaa katika darasa moja la kontua walijifunza jambo ambalo mkutano wa upatanisho haufundishi kwa urahisi, kwamba mvua inayoharibu shamba la mmoja haiulizi kitambulisho cha mwingine.

Nageukia shule, maana wasomaji wa kitabu hiki wengi wako huko. Mwezi Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, ili kijana asiitoke shule akiidharau kazi iliyomlea. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali, ambayo kwa njia ya redio na vikundi vya masomo iliwafikisha watu wazima kwenye vitalu vya miche. Mawazo hayo hayajachakaa. Lakini tujiulize kwa uaminifu: katika shule zetu nyingi, mwanafunzi hupewa jembe lini? Aghalabu hupewa alipochelewa, alipopiga kelele, alipokosa hesabu. Asiye na kosa hukaa kivulini akisoma. Mkosaji huenda kulima. Mwalimu anayefanya hivyo hufundisha somo moja kwa mdomo na jingine kwa kitendo, na kitendo hukumbukwa zaidi. Mtoto hujua kwamba ardhi ni gereza, na kwamba kufaulu maishani ni kuikimbia. Miaka kumi baadaye tunamtuma bwana shamba kumshawishi ampende yule tuliyemfanya amchukie.

Adhabu zipo nyingine. Jembe liondolewe miongoni mwake. Shamba la shule liwe mahali pa kuuliza. Wanafunzi na wagawe mteremko sehemu mbili, moja ilimwe kufuata kontua na kufunikwa majani, nyingine ilimwe kama kawaida. Mvua kubwa ikinyesha, waweke ndoo chini ya kila sehemu na kuyatazama maji yanayotelemka. Maji ya upande mmoja yatakuwa mepesi, ya upande wa pili yatakuwa mazito na mekundu. Waache yatulie, wapime kwa rula tope lililobaki chini ya ndoo. Hapo hesabu, jiografia, kilimo na siasa zimekutana katika ndoo moja. Na kila mwanafunzi apewe mti mmoja wa kuutunza kwa miaka yote ya masomo yake, kisha siku ya kuondoka aukabidhi kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Kule kukabidhi ndilo somo lenyewe, kwa maana atauacha alichokitunza bila kukifaidi, naye ataona kwamba jambo hilo halimpunguzii kitu.

Lakini nisimalize kana kwamba deni hili ni la wanakijiji na wanafunzi pekee. Gunia la mkaa likiondoka msituni halipikiwi msituni. Hupikiwa mjini, katika nyumba za watu wenye mishahara, na miongoni mwao wamo wanaoandika mipango ya kuzuia ukataji wa miti. Tunamlaumu mchoma mkaa kwa sababu panga liko mkononi mwake; mnunuzi humtumia panga lile kwa noti. Vivyo hivyo, maharage mazuri ya Kigoma huliwa Dar es Salaam na watu wasiojua kama yaliota katika mteremko uliokingwa au ulio mtupu. Kila sahani huja na kipande cha ardhi ya mtu. Ikiwa mji unakula matunda ya mlima, ni haki mji ulipie kingamaji: kwa bei inayomwezesha mkulima kupumzisha sehemu ya shamba lake, kwa barabara, kwa wataalamu wanaokaa vijijini badala ya kupita, na kwa kutafuta nishati nyingine ya kupikia. Elimu ya mazingira inayotolewa kwa maskini peke yake ni nusu ya elimu.

Turudi basi kwenye swali letu: mtu anawiwa nini na ardhi asiyoivuna? Wengine watajibu kwamba hawiwi kitu, kwa kuwa deni hupatikana kwa kupokea, naye hakupokea chochote kutoka kwa watu wa kesho. Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini husahau upande mmoja. Hakuna aliyezaliwa juu ya ardhi tupu. Chemchemi tuliyoikuta mtu aliiacha, mti tuliokaa chini yake mtu hakuukata, mbegu tuliyoipanda mtu hakuila. Waliotutendea hayo hatuwezi kuwalipa, maana hawapo. Nimepata kulisema jambo hili kwa ubeti mmoja:

Aliyepanda mvule, hakukaa chini yake,
Nimekaa mimi pale, nisijue jina lake,
Nami nikipita mbele, mwenzangu apate chake,
Deni la aliyepanda, hulipwa kwa asokuja.

Tukilitazama hivyo, tofauti ya mwenyeji na mgeni hupungua ukali wake. Mwenyeji ni mgeni aliyetangulia kufika. Mwenye hati na asiye na hati, aliyehamishwa na aliyehamia, kila mmoja hukaa juu ya udongo kwa muda aliopewa, kisha huwapisha wengine. Hilo halifuti haki ya mwenye shamba. Humwambia tu kwamba haki yake ina deni ndani yake. Nalo halimpi mwenye nguvu ruhusa ya kumwonea mnyonge kwa jina la vizazi vijavyo. Ampe kwanza usalama wa kukaa, chakula cha leo na sikio la kumsikiliza, ndipo amdai mti wa kesho.

Walimu, msimu wa mvua ujao uko karibu daima. Wapelekeni vijana kwenye mteremko ulio jirani na shule yenu, wala usiwe mbali, wakatazame maji yanakwenda wapi na yamebeba nini. Kisha waulizeni ni la nani shamba lile, ni ya nani chemchemi iliyo chini yake, na nani atakayekunywa humo miaka hamsini ijayo. Msiwape jibu upesi. Waacheni walitafute, na jembe liwe mikononi mwao.